Hatua elfu kumi haikuwa sheria ya daktari

Mama mmoja aliyekuja kutibiwa goti alininyooshea mkono kabla hajanionyesha goti lenyewe. Alikuwa amevaa saa ya mazoezi, zawadi ya mwanawe. "Daktari, hii saa inataka elfu kumi, mimi kila siku naishia elfu tano na ushee. Juzi saa nne usiku nimezunguka sebuleni mpaka ikatimia. Asubuhi goti limeumuka kama andazi."

Nilimpa pole. Tangu siku hiyo nimetaka kuandika habari za namba hiyo, kwa sababu si yeye peke yake inayemsumbua.

Elfu kumi ilitoka dukani. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani iliingiza sokoni kifaa cha kufunga kiunoni kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilikuwa rahisi kukumbukwa, likashika, na miaka ikapita bila watu wengi kuuliza ushahidi uko wapi. Mwaka 2019 mtafiti I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia wanawake zaidi ya 16,000 nchini Marekani, wastani wa umri wao miaka 72. Waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700. Nafuu iliendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Ni kweli kwamba mwenye afya ndiye hutembea zaidi, kwa hiyo miguu isipewe sifa zote. Hata hivyo, mama wa hatua elfu tano na ushee si mvivu hata kidogo.

Saa yenyewe inajuaje? Ndani yake mna kihisi cha mwendo kinachosoma mtikiso wa mkono, basi. Ukikanda unga wa chapati kwa nguvu, inaweza kukuhesabia hatua ambazo hukupiga. Ukisukuma toroli, au ukatembea mkono ule wenye saa umeshikilia ndoo kichwani, unatoka jasho na saa huenda isikuhesabie kitu. Wanawake wengi ninaowatibu hufanya kazi nzito za namna hiyo kutwa nzima, na naumia kuwaona wakiambiwa na kioo kidogo kwamba hawajafanya kitu.

Mapigo ya moyo husomwa na ile taa ya kijani mgongoni mwa saa. Damu hunyonya mwanga wa kijani, hivyo kila moyo unapopiga, mwanga unaorudi hupungua kidogo, na saa huhesabu kupungua huko. Ikilegea, itakosea. Ikaze kiasi, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Rangi nyeusi ya ngozi nayo hunyonya sehemu ya mwanga huo, kwa hiyo siku za mwanzo hakiki mwenyewe: weka vidole shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, linganisha.

Kalori ndizo zinazopotosha zaidi. Chuo Kikuu cha Stanford kilipima vifaa saba mwaka 2017. Sita vilisoma mapigo ya moyo vizuri, lakini kwa nishati iliyotumika, kilichojitahidi zaidi kilikosea kwa asilimia 27 na kibaya zaidi kwa 93. Usile sambusa kwa ruhusa ya saa. Na hapa kwetu Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Wanaume walitembea kilomita zipatazo 11 kwa siku, wanawake karibu sita, lakini nishati waliyotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, haikutofautiana na ya wakazi wa mijini wa Marekani na Ulaya. Mwili una namna yake ya kubana matumizi. Kutembea kunanufaisha moyo, mishipa, sukari na usingizi hata kama mizani haijasogea, na hili ningependa kila anayetembea ili apungue alisikie mapema, kabla hajakata tamaa.

Kuna jambo moja naliomba kwa nguvu zote. Zipo saa na pete zinazodai kupima sukari ya damu bila kukuchoma. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya watu wasizitumie. Mwenye kisukari akijidunga insulini kwa kufuata namba hiyo anaweza kufa.

Basi saa ina faida gani? Kubwa, ukiilinganisha na wewe mwenyewe. Uchambuzi wa tafiti 26 uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa waliovaa vipimahatua waliongeza mwendo kwa karibu asilimia 27, na kilichowasaidia hasa ni kuwa na lengo. Ivae wiki nzima bila kubadili chochote, tafuta wastani wako, halafu ongeza hatua 500. Kaa hapo wiki mbili ndipo uongeze tena. Tazama pia mapigo yako ya asubuhi kabla hujainuka kitandani. Yakishuka taratibu kwa miezi, mazoezi yanakuingia. Yakipanda ghafla, pengine hukulala vizuri au homa inakunyemelea, pumzika.

Yule mama tulifungua programu kwenye simu yake tukafuta ile elfu kumi. Mpaka uvimbe uishe, lengo ni 4,000. Baada ya hapo 5,700, yaani wastani wake na 500 juu, na sehemu ya nyongeza hiyo ataipata kwa kushuka daladala kituo kimoja kabla ya chake.