Telefoni zenye zimekufa ziko na jasho letu

Ndugu wafanyakazi, nyumba ngapi mu kambi ziko na telefoni yenye imekufa, imelala chini ya kitanda? Sisi wenye kuchimba tunajua kile kiko ndani: kobalti mu batri, shaba mu nyuzi.

Kule Hoboken, Ubelgiji, kiwanda cha Umicore kinayeyusha telefoni za zamani, kinatosha shaba, zahabu na kobalti. Wazee watacheka: Umicore njo ile Union Minière, ilibadilisha jina mu 2001. Kumbe wangali wanachimba, lakini sasa wanachimba mu mifuko ya watu!

Huku kwetu vijana wanachoma nyuzi ili wauzishe shaba kwa kilo, na moshi ule ni sumu.

Tunaomba wakubwa wa kazi waweke sanduku la kupokea telefoni ku mlango wa mgodi, na wagaramie safari yake. Kusafirisha minerai wanajua njia. Telefoni njo zitawashinda?

Kwa sasa, mama, usichome, usitupe mu shimo. Batri ikivimba usiitoboe, inaweza kuwaka; iweke mbali na watoto. Delege wa sindika atapita kila nyumba kuhesabu. Tunataka kuingia mu mazungumzo na hesabu mkononi.