Diwani na Daftari Lake

 

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya diwani anapokuja kuwapa watu habari za mji wao. Jambo hili si geni kwenu. Siku moja kipaza sauti hupita njiani kikitangaza kwamba diwani wa kata atafanya mkutano uwanjani saa kumi alasiri. Hapo watu hugawanyika mafungu. Wa kwanza husema, "Mimi nina kazi," wasiende. Wa pili huenda, wakaketi kivulini, wakapiga makofi, wakarudi kwao bila kujua walichokipigia. Wa tatu huenda ili kupiga kelele. Wachache mno huenda na swali lililoandikwa katika karatasi. Nami nataka leo tujifunze kuwa watu wa fungu hilo la mwisho.

Tuanze na neno lenyewe. Neno "diwani" lilitufikia kwa njia ya Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi. Hapo kale maana yake ilikuwa daftari, yaani kitabu cha kuandikia majina ya watu na hesabu ya mali ya serikali. Baadaye likawa jina la ofisi yenye madaftari hayo, na la baraza la wakubwa walioketi humo. Ndiyo sababu hata leo kitabu kilichokusanya mashairi huitwa diwani, na mtu wa baraza vile vile huitwa diwani. Katika miji ya kale ya Mrima, kama Pangani na Bagamoyo, madiwani walikuwa ndio wakubwa wa mji. Na Dar es Salaam iliwahi kupata mtu mmoja aliyekuwa na maana hizo zote mbili, naye ni Sheikh Kaluta Amri Abedi. Mwaka wa 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake mwenyewe. Na mwaka wa 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa mji ule.

Basi lishikeni jambo hili: neno diwani lilikuwa la daftari kabla halijawa la mtu. Diwani asiyewapa watu hesabu ni kama daftari lililofungwa kwa kamba. Na wazee wetu walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tuone jinsi baraza lenyewe lilivyo. Katika Tanzania Bara halmashauri za wilaya na za miji zimesimama juu ya sheria zilizotungwa mwaka wa 1982. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, halmashauri zilikuwa zimevunjwa, na kazi zake zikashikwa na maofisa wa serikali. Ziliporudishwa, shabaha ilikuwa kuwapa watu madaraka, na maneno hayo yameandikwa katika Katiba ya nchi, ibara ya 145 na ya 146. Kila kata humchagua diwani wake kwa muda wa miaka 5. Tena kuna madiwani wanawake wa viti maalumu, na mbunge wa mahali hapo naye huwa mjumbe wa baraza. Madiwani wa jiji au wa manispaa humchagua Meya miongoni mwao, na wa wilaya humchagua Mwenyekiti.

Lakini yuko mtu mwingine ambaye yapasa mumjue, naye ni Mkurugenzi. Huyu hachaguliwi kwa kura. Huteuliwa na Rais. Yeye ndiye katibu wa baraza na mkubwa wa watumishi wote wa halmashauri. Tofauti yao ni hii: madiwani huamua, na Mkurugenzi pamoja na watumishi hutenda. Diwani hana sanduku la fedha nyumbani kwake. Hawezi kumwamuru mhandisi achimbe mfereji kesho asubuhi. Awezalo ni kulipeleka jambo katika kamati, kulitetea barazani, kuwashawishi wenzake, kisha kufuata kama lililoamuliwa limetendwa. Mtu amwombaye diwani nauli, jeneza na ada ya shule amegeuza kazi yake. Na diwani akubaliye kuwa mtoa sadaka mara nyingi hupata njia rahisi ya kukwepa kutoa hesabu.

Diwani akisimama uwanjani, basi, tumuulize nini? Maswali ni manne.

Swali la kwanza: fedha zilizoingia ni kiasi gani, nazo zilitoka wapi? Halmashauri ina mapato yake yenyewe, kama vile ushuru wa masoko, ushuru wa mazao, na leseni za biashara. Lakini sehemu kubwa ya fedha zake hutoka serikali kuu, hasa kwa mishahara ya walimu na waganga. Mwaka wa hesabu huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo mwenye haja ya zahanati asingoje mwezi wa Juni kuitaja, maana hapo mashauri ya fedha za mwaka ujao yamekwisha kupita.

Swali la pili: fedha hizo zilitumika kwa kazi gani, na mahali gani? Mtu asiridhike akiambiwa, "Tumeboresha elimu." Aulize ni shule ipi, madarasa mangapi, na kama yamekwisha au yangali kuta bila mabati. Jibu lililo na jina la mahali na hesabu laweza kuchunguzwa na mtoto wa shule. Jibu lisilo na hivyo haliwezi kuchunguzwa hata na mwenye hekima.

Swali la tatu: ni jambo gani liliahidiwa na halikutendwa, na kwa nini? Hapa ndipo diwani mwema na diwani mbaya huachana njia. Asemaye, "Tuliahidi soko, fedha hazikutosha, nasi tumelisogeza mwaka ujao," huyo amewaheshimu watu wake. Asemaye kwamba kila kitu ni chema, nanyi mmeketi kando ya shimo la taka, huyo amewadharau.

Swali la nne: jambo hili ni la nani? Swali hili ni kubwa, na watu wengi hulisahau. Zamani mtu wa mjini alizoea kuitupia halmashauri kila lawama. Siku hizi mambo mengi yamegawanywa. Tangu Julai 2017 barabara za mitaa na za vijijini zimo mikononi mwa wakala wa serikali uitwao TARURA. Maji ya Dar es Salaam ni kazi ya DAWASA. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilitozwa na halmashauri, ilipelekwa kwa Mamlaka ya Mapato mwaka wa 2016. Na tangu 2021 wengi huilipa pamoja na umeme wanaponunua. Hata mipaka ya madaraka hubadilika. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ya zamani ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ndiyo ikapandishwa kuwa Jiji. Nazo Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki manispaa. Mtu asiyepewa habari hizi hupeleka barua yake mahali pasipo pake, akangoja mwaka mzima, kisha akasema serikali haisikii. Diwani akisema, "Hilo si langu," asiachwe hapo. Aulizwe, "Ni la nani, na wewe utalipeleka kwake lini?" Maana kuwasemea watu mbele ya wenye kazi hiyo ni wajibu wake.

Nitatoa mifano miwili ili ionekane kwamba maneno haya si ya kupitisha wakati.

Mfano wa kwanza ni wa fedha. Iko sheria kwamba katika kila shilingi 100 za mapato ya ndani ya halmashauri, shilingi 10 zikopeshwe watu bila riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Neno hilo ni jema sana. Mama mwenye meza ya samaki au kijana mwenye cherehani hupata mtaji bila kwenda kwa mkopeshaji wa riba kali. Lakini wakaguzi wa hesabu za serikali walionyesha kwamba fedha nyingi hazikurudishwa, na kwamba vikundi vingine vilivyoandikwa havikuonekana. Mwezi wa Aprili 2023 serikali ikaisimamisha mikopo hiyo, nayo ikarudishwa mwaka wa 2024 kwa taratibu mpya. Nani aliyeumia wakati ule? Waliokula fedha hawakuumia kama yule mama aliyelipa deni lake lote na akawa anangoja zamu ya pili. Kama katika kila kata watu wangalisomewa majina ya vikundi hadharani, jirani angalisema mapema, "Kikundi hiki hatukijui."

Mfano wa pili ni wa mifereji. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam. Maji yakajaa katika bonde la Msimbazi na mahali pengine pa chini. Watu zaidi ya 40 walikufa, na wengi waliopoteza nyumba wakahamishiwa Mabwepande. Mvua haiulizwi hesabu barazani, wala mafuriko hayana sababu moja tu. Lakini mfereji uliojaa taka, na nyumba iliyojengwa juu ya njia ya maji, hayo ni mambo ya kuulizwa wakati wa kiangazi. Mkutano ambao hamkwenda mwezi wa Agosti, kwa kuwa jua lilikuwa kali na mifereji ilikuwa mikavu, ndio mkutano mtakaoukumbuka usiku wa masika, maji yakiwa yamefika kwenye vitanda.

Huenda mtu akasema, "Sisi ni watu wa kijiji, mambo ya Meya yanatuhusu nini?" Yanawahusu sana. Kijijini kila mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, ambao hupaswa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo husomwa mapato na matumizi. Juu yake kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mwenyekiti wake ni diwani yule yule. Kwa hiyo neno jema lililosemwa chini ya mwembe laweza kupanda mpaka baraza la wilaya, kama liko katika muhtasari. Lisipoandikwa, halipandi. Hakikisheni katibu ameliandika.

Na sasa neno moja juu ya adabu. Kumuuliza kiongozi hesabu si kumvunjia heshima. Mwenye duka humuuliza karani wake kila jioni, wala karani hakasiriki, maana hesabu ikiwa sawa ndiyo inayomlinda. Lakini swali liwe swali, lisiwe tusi. Msimamo wa mtu asemaye, "Mheshimiwa, mwaka jana ulisema choo cha soko kitakwisha mwezi wa Machi, nimepita leo, bado, tafadhali tueleze," una nguvu kuliko kelele za watu mia. Mpeni nafasi ajibu. Akijibu vema, mshukuruni mbele ya wote, ili na wengine watamani kujibu hivyo.

Ninyi wanafunzi mna kazi yenu. Nunueni daftari moja la mtaa au la kijiji. Katika kila mkutano andikeni tarehe, ahadi iliyotolewa, na jina la mahali. Mkutano ujao msomeeni baba au mama kabla hajatoka nyumbani. Diwani huja na daftari lake. Basi na wananchi waje na lao. Madaftari mawili yakikubaliana, mji utakuwa na amani. Yasipokubaliana, hapo mtajua pa kuanzia kuuliza.