NYUMBA IITWAYO KARAMU, NA WATU WALIOIJENGA

Neno "karamu" ni letu. Hata mtoto mdogo ajua maana yake: ni chakula cha furaha ambacho watu wengi huitwa kukila pamoja, kama vile siku ya arusi au ya sikukuu. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua kwamba katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, huko Marekani, iko nyumba ya sanaa ambayo jina lake ni hilo hilo, Karamu. Aliyeijenga hakuwa Mswahili. Basi imekuwaje neno letu likavuka bahari na kuwa jina la nyumba ya watu wa mbali? Katika makala haya tutaeleza habari ya nyumba hiyo, na zaidi habari ya watu walioifanya iwe kama ilivyo. Maana nyumba ya sanaa si matofali na mabati tu, ni watu.

Tuanze na mwanzo wake. Mwaka 1915 walifika Cleveland mume na mke, Russell na Rowena Jelliffe. Wote wawili walikuwa Wazungu, vijana waliokwisha kusoma katika chuo cha Oberlin na kisha katika Chuo Kikuu cha Chicago. Huko Chicago waliziona nyumba za namna mpya, zilizofunguliwa na wasomi katikati ya mitaa ya maskini. Katika nyumba hizo msomi hakuja asubuhi akarudi kwake jioni. Alikaa papo hapo na jirani zake, akiwafundisha na kujifunza kwao. Iliyojulikana sana katika nyumba hizo ilikuwa Hull House, iliyoanzishwa mwaka 1889 na mabibi wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr. Basi, kanisa moja la Cleveland lilipotaka watu wa kuanzisha kazi kama hiyo katika mtaa wa Central, Bwana na Bibi Jelliffe waliitika. Walianza na vijumba viwili vya kawaida, na watu wa kwanza kuingia walikuwa watoto wa jirani.

Mtaa ule ulikuwa wa watu mchanganyiko. Walikuwamo wahamiaji kutoka nchi nyingi za Ulaya, kila watu na lugha yao na chakula chao. Pia walikuwamo Wamarekani Weusi, ambao idadi yao ilikuwa ikiongezeka upesi. Katika miaka ile Weusi wengi sana waliziacha nchi za kusini mwa Marekani, walikoonewa na kukosa kazi za haki, wakaenda kaskazini penye viwanda. Mwaka 1910 Weusi wa Cleveland walikuwa kama 8,400 tu. Mwaka 1920 walikuwa wamezidi 34,000. Na kufika mwaka 1930 walikuwa kama 72,000. Wengi wao walikaa katika mtaa huo wa Central, kwa kuwa sehemu nyingine za mji hawakukaribishwa.

Hapo ndipo Bwana na Bibi Jelliffe walipopata mtihani wao wa kwanza. Walikuwako watu waliotaka nyumba ile iwatenge hao majirani wapya. Wakati huo jambo hilo halikuwa la ajabu, kwani katika majumba mengi ya michezo ya Marekani mtu Mweusi hakuruhusiwa kuketi alipoketi Mzungu. Lakini wao walikataa. Walishikilia kwamba mlango uko wazi kwa watu wa rangi zote, na neno hilo hawakulibadili kwa muda wa miaka 48 waliyofanya kazi pale.

Labda msomaji atauliza: kwa nini sanaa? Maskini ahitaji mkate, kazi na dawa. Mchezo wa kuigiza utamsaidia nini? Swali hili ni la haki, tena wazazi wengi wa kwetu huliuliza. Jibu lake laonekana katika kazi yenyewe. Mwaka 1917 watoto wa nyumba ile walicheza hadithi ya Cinderella, watoto Weusi na watoto Weupe katika mchezo mmoja. Sasa fikiri mchezo wa kuigiza unavyotengenezwa. Mmoja akisema maneno yake, mwenziwe hana budi kuyangojea na kuyasikiliza, ama sivyo mchezo wote utaharibika. Mwingine ashona mavazi, mwingine apaka rangi mapazia, mwingine atazama taa, mwingine auza tikiti. Hakuna anayeweza kusema, "Mimi peke yangu natosha." Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hivyo watoto ambao wazazi wao hawakusemezana njiani walilazimika kutegemeana jukwaani, na aliyemtegemea mwenziwe mara nyingi huwa hamwogopi tena.

Baadaye watu wazima nao walitaka zamu yao. Mwaka 1920 Weusi wa mtaa ule waliunda chama cha michezo ya kuigiza. Hawakuwa watu wa kulipwa kwa kuigiza. Walikuwa watu wenye kazi zao za mchana, na mazoezi waliyafanya jioni, baada ya uchovu wa siku nzima. Haukupita muda mrefu akafika Cleveland mwigizaji Mweusi aliyekuwa na sifa kubwa sana wakati huo, Charles Gilpin. Aliwatembelea, akawahimiza wasione kazi yao kuwa mchezo wa kupitisha wakati, bali wajenge tamthilia ya kweli, yenye maisha ya watu wao wenyewe ndani yake. Tena akatoa fedha mfukoni mwake kuwasaidia. Kwa heshima yake chama kikajiita Wachezaji wa Gilpin.

Sasa tufike kwenye jina. Mwaka 1927 chama kilipata ukumbi wake, nacho kilikuwa chumba kikuukuu kilichogeuzwa kuwa jumba la michezo. Wachezaji walilipamba kwa mapambo ya Kiafrika, kwa sababu katika miaka hiyo Wamarekani Weusi wengi walikuwa wakitafuta kwa hamu habari za bara la mababu zao. Wakaliita Karamu. Mwaka 1941 nyumba nzima, pamoja na madarasa na vyumba vyake vyote, ilichukua jina hilo.

Anayesifiwa kwa kulichagua ni Bibi Hazel Mountain Walker, na huyu afaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa kike. Alikuwa mwalimu wa shule. Akiwa na kazi hiyo alisomea sheria, akapata shahada yake mwaka 1919. Mwaka 1936 alifanywa mwalimu mkuu, akawa Mweusi wa kwanza kupata cheo hicho katika shule za serikali za Cleveland. Na pamoja na hayo yote, jioni alikuwa jukwaani akiigiza na wenzake.

Wenyewe hulieleza neno lile kuwa ni mahali pa kukutania kwa furaha, katikati ya jamii. Sisi twajua kwamba kwa Kiswahili karamu ni chakula chenyewe na ule mwaliko wake, wala si mahali. Lakini tusiwacheke. Karamu na ukarimu ni maneno ya shina moja, na watu wale waliufahamu ukarimu huo vizuri kuliko wengi wetu tuliozaliwa na neno lenyewe.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mambo yote yalikwenda kwa amani. Penye watu wengi hapakosi maneno. Shauri gumu lilikuwa hili: michezo ionyeshe nini? Weusi wengine waliosoma hawakupenda kuona jukwaani maisha ya maskini wenzao, na usemi wao wa shamba, mbele ya watazamaji Weupe. Waliogopa watu watacheka na kusema, "Hivyo ndivyo walivyo." Wengine walijibu kwamba anayeficha maisha ya mama yake kwa aibu hawezi kuandika lolote la maana. Kila upande ulikuwa na hoja, na ubishi huo haujaisha mpaka leo, hata huku kwetu.

Mmoja wa waliosaidia kuujibu kwa kazi alikuwa mshairi Langston Hughes. Alisoma sekondari katika mji huo huo wa Cleveland, akamaliza mwaka 1920, na tangu ujana wake aliijua nyumba ya akina Jelliffe. Mwaka 1931 Wachezaji wa Gilpin walikuwa tayari kuonyesha mchezo wa Mule Bone, aliouandika pamoja na Zora Neale Hurston. Lakini waandishi hao wawili waligombana juu ya nani mwenye mchezo, na onyesho likavunjika. Mchezo huo haukuonekana jukwaani mpaka mwaka 1991, waandishi wote wawili wakiwa wamekwisha kufa. Hasara iliyoje! Hata hivyo Hughes hakuiacha nyumba. Mwaka 1936 wachezaji wale wale walikuwa wa kwanza kuonyesha mchezo wake wa Little Ham, na mwaka huo huo wakaonyesha Troubled Island, unaohusu mapinduzi ya Weusi wa Haiti. Hughes huyo ndiye aliyekuja Kampala mwezi wa Juni 1962, katika mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere.

Sanaa nyingine nazo zilikuwa na watu wake. Katika vyumba vya uchoraji walijifunza na kufundisha vijana kama Charles Sallée, Zell Ingram na Hughie Lee-Smith, ambao kazi zao baadaye ziliingia katika makumbusho makubwa. Mwaka 1940 wachoraji wa nyumba ile waliunda chama chao wenyewe. Kwa upande wa ngoma alikuwako Bibi Marjorie Witt Johnson, aliyewafundisha vijana wa mtaa mpaka wakacheza katika Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1940.

Lakini kabla ya safari hiyo ulikuwa umetokea msiba. Mwaka 1939 moto uliuteketeza ukumbi wa michezo. Watu waliokwisha kufanya kazi jioni zote zile wangaliweza kukata tamaa. Hawakukata. Waliendelea kucheza katika kumbi za watu wengine huku fedha zikitafutwa. Walichanga watu wa mjini, akasaidia tajiri mmoja wa Cleveland, Leonard Hanna, na ikasaidia Taasisi ya Rockefeller. Miaka kumi ilipita. Mwaka 1949 jengo jipya lilifunguliwa katika mtaa mwingine wa mji huo, likiwa na kumbi mbili za michezo. Waliongoja miaka kumi walifahamu kwamba kilichoungua ni ukumbi, wala si chama.

Bwana na Bibi Jelliffe walistaafu mwaka 1963. Bwana alifariki mwaka 1980, na Bibi mwaka 1992, akiwa amefikia umri wa miaka 100. Baada yao uongozi uliingia mikononi mwa Weusi wenyewe, na katika miaka ya 1970 mkazo uliwekwa zaidi juu ya sanaa ya Wamarekani Weusi. Wako waliosikitika, wakisema nyumba ya watu wote yageuka kuwa ya watu wa namna moja. Wako waliofurahi, wakisema kwamba mgeni aliyealikwa miaka yote hiyo sasa amekuwa mwenyeji, na ni haki yake kuchagua chakula. Si kazi yetu kuamua toka huku mbali. Latosha kuona kwamba nyumba haikufungwa. Mwaka 1982 iliandikwa katika orodha ya serikali ya Marekani ya majengo ya kihistoria, na mwaka 2015 ilitimiza miaka 100.

Katika waigizaji waliopita pale yumo Robert Guillaume, aliyefariki mwaka 2017. Wengi wenu mmekwisha kuisikia sauti yake bila kujua. Katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, nyani mzee aitwaye Rafiki husema kwa sauti ya mtu huyo. Hivyo kijana aliyefanya kazi katika nyumba yenye jina la Kiswahili alikuja kuusemea mdomo wa mnyama mwenye jina la Kiswahili.

Sasa, tupate faida gani katika habari hizi? Shule ya serikali kama yetu hukusanya wanafunzi wa mikoa mingi, wa makabila mengi na dini mbalimbali. Kila mmoja amekuja na ngoma za kwao, hadithi za bibi yake, na namna yake ya kusema. Twaweza kukaa miaka minne katika bweni moja bila kujuana zaidi ya majina. Au twaweza kufanya kama wale wa Cleveland: kutafuta kazi moja ya sanaa ambayo haiwezekani bila wote, na kuishika, hata jioni tukiwa tumechoka.

Wanafunzi, mnapotayarisha mchezo wa siku ya wazazi, tazameni ni nani ambaye hajaitwa. Huenda ndiye ajuaye kushona au kupiga ngoma kuliko ninyi nyote. Walimu, tukumbuke kwamba Bibi Walker alikuwa mwalimu mwenye kazi nyingi kama sisi, na bado alipata nafasi. Na wazazi, mtoto akiomba ruhusa ya kubaki shuleni kwa mazoezi, msiseme mara moja kwamba apoteza wakati. Mwulizeni kwanza afanya mazoezi na nani, na amejifunza nini kwao.