Kuchimba Mtaro Penye Waya na Mabomba

Somo la leo ni la vibarua na mafundi wachimbao mitaro, na hasa la msimamizi wao, maana ndiye awezaye kusema "Ngojeni" hata kama mwenye kazi ana haraka.

Chini ya barabara za mji kama Dar es Salaam mna nyaya za umeme na za simu, mabomba ya maji, na tangu mwaka 2004 gesi asilia itokayo Songo Songo. Kabla ya kuchimba yafaa kuomba ramani kwa wenye vitu hivyo. Lakini ramani yakwambia waya upo. Haikuhakikishii upo wapi. Waya uliofukiwa kina cha meta moja waweza leo kuwa nusu meta, kwa kuwa greda limekwisha kuikwangua barabara mara nyingi. Na chombo cha kutafutia nyaya hakilioni bomba la plastiki.

Basi chimbeni kwanza vishimo vya kujaribia, kwa mkono. Tumieni beleshi, si sururu, mkianzia kando. Mkikuta mchanga usiofanana na udongo wa pale, matofali yaliyopangwa, au utepe wa rangi, simameni: aliyevifukia alikuwa akiwaonya. Mkisikia harufu ya gesi, msiwashe wala kuzima kitu. Ondokeni wote, mwelekee utokako upepo.

Sasa tutazame juu. Nyaya za nguzoni za volti 11,000 au 33,000 hazikuvikwa mpira, na umeme wake huweza kuruka hewani kabla chuma hakijaugusa waya. Tipa likiinua bodi chini yake, yatosha.

Likitokea hilo, dereva abaki kitini, awakataze wenziwe wasisogee. Kwa nini? Umeme huingia ardhini penye magurudumu ukatawanyika, ukipungua nguvu kadiri uendavyo mbali. Mtu akipiga hatua, mguu mmoja hukanyaga penye nguvu nyingi na wa pili penye nguvu chache, na umeme hupita mwilini kati yake. Ndiyo maana radi ikipiga malishoni, ng'ombe huumia sana: miguu yao imeachana.

Gari likiwaka moto, hapo hana budi kuruka, miguu pamoja, asiliguse gari akiwa amekanyaga chini. Kisha aende kwa kuburura nyayo, zisiachane. Wala msidhani waya ulionyamaza umekufa. Ziko swichi zirudishazo umeme zenyewe. Asirudi mtu pale mpaka fundi wa shirika la umeme aseme kwa kinywa chake kwamba umezimwa.