Je, Wajua? Chuma Kinapogeuka Sanaa

Je, wajua kwamba Pablo Picasso alihitaji fundi wa kumchomelea? Mwaka 1928 alimwendea Mhispania mwenzake, Julio González, mtoto wa ukoo wa mafundi vyuma wa Barcelona, aliyejifunza kuchomelea kwa gesi kiwandani Renault, karibu na Paris, mwaka 1918. González alikuwa ameshavuka miaka 50, na sanamu za chuma zilizompa jina alizitengeneza baada ya hapo. Picha za kazi zao zilimfikia mchongaji David Smith huko Marekani, naye akaanza kuchomelea sanamu mwaka 1933. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Smith alichomelea vifaru na treni kiwandani. Kwa hiyo fundi wa mageti na grili asidhani sanaa iko mbali naye.

Je, wajua kwamba chuma kikipoa husinyaa na kuivuta kazi upande? Fundi mzoefu hushikiza kwa nukta, huku kidogo na kule kidogo, ndipo ajaze. Atakaye kutoka kwenye grili aingie kwenye sanamu aanze na somo hili.

Je, wajua kwamba chuma hutoa rangi chenyewe? Kisugue king'ae, kisha kipashe moto polepole. Karibu na nyuzi 220 za Selsiasi huwa njano hafifu, kisha kahawia, zambarau, na kwenye 300 hivi, buluu ya kupendeza mno. Ondoa moto papo hapo; rangi itabaki. Paka nta kuzuia kutu.

Je, wajua kwamba zinki ya mabati huchemka kwa nyuzi 907, kabla chuma hakijafikia kuyeyuka? Ukivuta moshi wake mweupe, saa chache baadaye homa inakutetemesha. Ikwangue kwanza, na fanyia kazi penye hewa. Pipa lililokuwa na mafuta usilichomelee, hata likiwa tupu: laweza kulipuka.

Je, wajua kwamba mwaka 2001 msanii Kester wa Msumbiji aliunda kiti cha enzi kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya nchini mwake? Waliosalimisha silaha walipewa badala yake majembe, baiskeli na cherehani. Kiti hicho kipo British Museum, London.

Kioko Mwitiki wa Kenya naye aliunda tembo wa ukubwa halisi kwa chuma chakavu. Fundi, usiwauzie wa skrepa vipande vyote. Bakisha vya sanamu yako ya kwanza.