Kuweka si Kutunza

Ghala ni neno la asili ya Kiarabu, ghalla, yaani mazao. Ndiyo maana ukilisikia unawaza mahindi. Goma anayehama husema depo, kutoka Kifaransa. Lava ya Nyiragongo ilipofika Buhene tarehe 22 Mei 2021, vitu tulivyookoa vilienda depo. Mwenye depo alisema: “Nitawawekea.” Godoro likalala juu ya saruji tupu hadi likaota kuvu, naye akajitetea kwamba aliahidi kuweka, si kutunza. Kitenzi hicho kweli kina maana zote mbili, mama hakucheka. Kabla ya kulipa, angalia kama kuna mbao chini na kama paa linavuja, uliza ufunguo wa pili uko kwa nani, kisha orodha ya vitu itiwe sahihi na pande zote, ikiandikwa kutunza.