Binti akitaka kusomea udongo na mawe, mzazi usimcheke

Na MWANDISHI WETU, Isiolo

MZAZI wa Isiolo akiambiwa na bintiye kwamba anataka kuwa daktari, humshukuru Mungu na kuanza kuhesabu mbuzi wa kuuza. Akiambiwa mwalimu au muuguzi, pia huelewa. Lakini hebu binti huyo aseme anataka kuwa injinia wa materio, uone baba atakavyomkodolea macho. Mama naye, ambaye materio kwake ni kitambaa cha dera, atadhani mtoto anataka kuwa fundi cherehani, na atauliza ikiwa kwa hilo kweli kuna haja ya kwenda chuo kikuu.

Wazazi hao wasilaumiwe. Wengi wetu tunapita kila siku juu ya kazi ya injinia huyu na hatumjui. Si yeye anayechora jengo, wala si yeye anayeendesha greda. Yeye huchunguza kile kinachojengewa: udongo, kokoto, mchanga, saruji, lami, chuma, hata plastiki. Ni lazima aseme kama kitu hicho kitaweza kubeba mzigo kinaotwikwa, na kwa muda gani.

LAMI ILIPOISHIA

Sisi watu wa Isiolo tulipaswa kuwa wa kwanza kumjua. Kwa miongo mingi lami iliishia hapa kwetu. Aliyekwenda Nanyuki au Nairobi alisema anakwenda "Kenya", na aliyekwenda Marsabit au Moyale alipanda juu ya lori la mifugo, akajifunga leso puani, akamwachia Mungu. Kutoka hapa hadi Moyale ni kilomita zipatazo 500, na mvua ikinyesha malori yalilala njiani. Kazi ya kutia lami ilianza mwaka wa 2007 kwa kilomita 136 za kwanza, kutoka Isiolo hadi mto Merille. Miaka kumi hivi baadaye, msafiri aliweza kufika mpakani bila kula vumbi.

Watu hukumbuka matingatinga. Waliotangulia matingatinga hawakumbukwi. Kabla ya barabara yoyote kutiwa lami, hupita watu wenye sururu na magunia. Huchimba mashimo kando ya njia, wakajaza udongo magunia, wakayaandika namba na kuyapeleka maabara. Mchungaji anayewatazama kwa mbali hudhani wanatafuta dhahabu.

Huko maabara udongo huchekechwa katika chekeche za matundu makubwa na madogo. Kisha kuna kipimo kimoja ambacho mtoto yeyote aliyewahi kufinyanga ng'ombe wa udongo angekipenda. Udongo uliolowa hufingirishwa kwa kiganja juu ya kioo mpaka uwe kama uzi wa unene wa milimita 3. Ukikatika mapema, una tabia moja. Ukizidi kunyooka huku maji yakipungua, una tabia nyingine, na huo ndio wa kuogopwa. Udongo wetu mweusi, ule unaonasa matairi wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, ni wa aina hiyo. Ukiweka lami juu yake bila kuuondoa au kuuchanganya na chokaa, barabara itavimba na kunywea mpaka ipasuke.

Murram nayo hushindiliwa ndani ya chombo cha chuma, ikaachwa ndani ya maji siku nne, ndipo ikasukumwa kwa fimbo ya chuma ili ijulikane nguvu zake zikilinganishwa na za kokoto bora. Siku nne, na hakuna njia ya mkato. Mwenye haraka huichukia kazi hii.

Na zege? Hapo ndipo hesabu inaponifurahisha. Wakati wa kumwaga zege hujazwa vibweta vyenye milimita 150 kila upande. Vingine huvunjwa kwa mashine baada ya siku 7, vingine baada ya siku 28. Zege la daraja 25, ambalo hutumika sana katika majengo, ni lazima kibweta chake kistahimili tani zipatazo 57. Ngamia mkubwa ana kilo 500 hivi. Kwa hiyo fikiria ngamia zaidi ya 100 wakisimama juu ya kitu unachoweza kukibeba mikononi, nacho kisipasuke!

KUSEMA HAPANA

Lakini mashine si kitu kigumu katika kazi hii. Kigumu ni kumwambia mwanakandarasi kwamba zege lake limeshindwa, wakati lori linangoja, vibarua wanalipwa kwa siku na mwenye mradi anapiga simu. Karatasi ya maabara ni nyepesi sana mbele ya mtu mwenye haraka na pesa.

Msomaji atakumbuka usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa lilipoporomoka Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa. Watu wapatao 50 walikufa. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kutiwa alama kwamba libomolewe, na bado watu walikuwa wakilala humo na kulipa kodi. Kwa hivyo kujua hakukutosha. Ndiyo sababu ninasema, mtoto mwenye hesabu nzuri lakini asiyeweza kumkatalia mtu mzima atapata taabu katika kazi hii.

Kuhusu masomo, hakuna uchawi. Hisabati, fizikia na kemia ndizo zinazofungua mlango. Shida ni kwamba wasichana wengi huiacha fizikia mapema kwa kuambiwa ni somo la wavulana, na mlango hufungwa hapo, kabla hata hawajajua ulikuwapo. Mzazi, ukisikia bintiyo anataka kuiacha, muulize ni nani aliyemshauri.

Katika Kenya wengi huingia kupitia uhandisi wa ujenzi, shahada ya miaka mitano, kisha wakajikita katika vifaa. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pia kina idara inayoshughulikia uchimbaji madini, vifaa na mafuta. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha kozi hiyo inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya. Wapo waliosoma miaka yote hiyo wakakuta bodi haiwatambui. Baada ya shahada huja usajili wa mhandisi mhitimu, na si chini ya miaka 3 ya kazi kabla ya kuitwa mhandisi kamili.

Asiyepata alama za chuo kikuu asikate tamaa. Taasisi ya Barabara Kuu na Ujenzi iliyoko Nairobi hufunza mafundi kwa ngazi ya diploma na cheti, na fundi wa maabara mwenye mikono safi na daftari la kweli huheshimiwa kila mahali barabara inapojengwa.

Tena kazi hii haiishii barabarani. Nzambi Matee, Mkenya aliyesomea sayansi ya vifaa na kufanya kazi katika sekta ya mafuta, aliacha ajira mwaka wa 2017 na kuanzisha kijimaabara uani kwa mamake. Alitaka kuchanganya taka za plastiki na mchanga zitoke kabro za kutandika chini. Ilimchukua miezi tisa kupata kabro ya kwanza. Mwaka wa 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimtuza. Hiyo miezi tisa ndiyo ninayoitazama mimi, kwani jirani walioona binti msomi akipika plastiki uani walikuwa na mengi ya kusema, bila shaka.

Sitaificha mikasa. Mradi ukiisha, ajira nayo aghalabu huisha, na utafuata barabara nyingine hata iwe Lodwar. Kuna kulala kambini, na mzazi wa msichana ana haki ya kuuliza maswali kuhusu kambi hiyo. Jua nalo halimwogopi mwenye digrii.

Mimi mwenyewe nililijua somo hili kwa hasara. Nilijenga vyumba viwili Bulla Pesa kwa mchanga wa laga, nikaununua kwa macho tu. Mwaka haukwisha, plasta ikaanza kumomonyoka kama unga. Kijana mmoja wa maabara ya barabara alikuja, hakunicheka. Aliomba chupa ya jemu. Akatia mchanga uliosalia, maji na chumvi kidogo, akaitikisa na kuiweka dirishani. Akaniambia tope likiwa nene kupita sehemu moja kwa kumi ya mchanga, uoshwe au urudishwe.

Baada ya saa tatu tuliitazama. Tope lilikuwa karibu robo ya chupa. Binti yangu wa darasa la saba alichukua rula, akapima, akaandika mkononi kwa kalamu. Tangu siku hiyo lori la mchanga haliingii uani kwetu kabla yeye hajateremka na chupa yake.